Wifi yake alisema "ana misimu yake": kisa cha sonona iliyogeuka mania

Umri, kazi, mji na baadhi ya mambo ya kifamilia yamebadilishwa ili mgonjwa asitambulike, wala kituo chochote. Tutamwita Bi Z. Sonona ni ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu; mania ni kinyume chake, hisia na nguvu zinapopanda kupita kiasi na usingizi kupotea. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya matabibu na wauguzi wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, maana wao ndio wanaokutana na wagonjwa wa aina hii miaka mingi kabla ya daktari bingwa wa afya ya akili kuwaona.

Usuli

Bi Z ana miaka 28, ni mwalimu wa shule ya msingi kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Ameolewa, ana mtoto mmoja wa miaka 4. Miezi michache kabla ya kuugua alikuwa ametoa kijiti cha uzazi wa mpango kwa sababu yeye na mumewe walitaka mtoto wa pili. Habari ya kijiti isisahaulike, itaamua mengi huko mbele.

Baba yake alifariki ghafla. Baada ya arobaini Bi Z akaanza kwenda kituo cha afya mara kwa mara. Hakuwahi kusema ana huzuni. Alisema kichwa kinamgonga, mwili hauna nguvu, moyo unamwenda mbio, na usiku anashtuka saa tisa halafu usingizi haurudi. Vipimo vya malaria vilitoka hasi. Akapewa dawa za U.T.I., safari nyingine dawa za taifodi. Muda ukaenda hivyo, miezi kama mitatu, mpaka alipoangukia mikononi mwa tabibu mmoja kijana ambaye aliweka kando kadi ya vipimo akamuuliza: "Mwalimu, tangu mzee atutoke, nyumbani mnaendeleaje?" Bi Z akalia pale pale kitini.

Alama 17

Tabibu alitumia PHQ-9. Kwa asiyelifahamu, ni dodoso la maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, huzuni, usingizi, nguvu, ulaji, kujiona hufai, umakini, kupooza au kuhangaika, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 mtu anahitaji kuangaliwa kwa makini, na 15 hadi 19 huhesabiwa kuwa sonona ya kati kuelekea kali. Bi Z alipata 17.

Kwenye swali la 9 alijibu "siku kadhaa". Wengi wetu tukifika hapo tunatia alama na kupita. Tabibu huyu alisimama. Alimuuliza kama amewahi kuwaza njia, kama ameweka kitu chochote tayari, na nini kinamzuia. Hapakuwa na njia wala maandalizi. Kinachomzuia ni mtoto wake. Tabibu akamwita mume, wakakubaliana asiachwe peke yake wiki hizo. Kazi nzuri.

Dawa pekee ya sonona iliyokuwepo kituoni ilikuwa amitriptilini. Alianzishiwa miligramu 25 usiku, ikapandishwa taratibu hadi 75, akaambiwa arudi baada ya mwezi. Swali ambalo halikuulizwa ni kama katika maisha yake aliwahi kuwa na kipindi cha kinyume na hiki.

Mambo yalivyokwenda

Wiki ya tatu Bi Z alianza kucheka tena. Mume alipiga simu kituoni kushukuru.

Wiki hiyo hiyo Ramadhani iliingia. Mwenye kuijua nyumba ya pwani katika mwezi huo anajua ratiba yake: futari, tarawehe, mazungumzo hadi usiku mkubwa, kisha kuamka kupika daku. Wengine walilipa usingizi mchana. Bi Z hakulipa, na hakuonekana kuchoka. Kufikia mwisho wa kumi la kwanza alikuwa analala saa mbili kwa usiku mzima na kuamka ana nguvu kuliko jana yake. Alipika futari ya mtaa. Alipigia simu walimu wenzake saa nane za usiku kuwaeleza mpango wa biashara. Shuleni alifundisha darasa lake, akaingia la jirani, akamkatiza mwalimu mkuu mbele ya wanafunzi.

Ndipo Fuso likasimama mlangoni likiwa na viti vya plastiki 200, vyeupe, vimepangwa mmoja juu ya mwingine hadi juu ya bodi. Alikuwa ameviagiza kwa mkopo, na malipo ya awali yalitoka kwenye sanduku la kikoba ambacho yeye ndiye mweka hazina. Baada ya Idi, alisema, angevikodisha kwenye maharusi yote ya mkoa, na baba yake ndiye aliyempa wazo hilo, tena kwa sauti, usiku, akiwa macho. Daftari lake tulilionyeshwa baadaye. Hesabu za kalamu nyekundu ukurasa kwa ukurasa, faida ya viti 200, ya viti 2,000, ya viti 20,000, namba zikizidi kuwa kubwa kwa mwandiko hadi ukurasa mmoja unabeba mstari mmoja tu.

Mama yake aliona ni majini. Alimpeleka kwa sheikh, akasomewa, akanywa kombe. Usiku wa tatu sheikh alimwambia mama: "Kisomo kitaendelea, mama yangu, lakini mpelekeni hospitali leo hii. Mtu asiyelala siku zote hizi, mwili wake utakuja kuanguka." Alfajiri wakampakia kwenye bajaji, mikono imefungwa kwa khanga, sauti imekauka kwa kuimba.

Saa za kwanza wodini

Jambo la kwanza lililofanyika ni kufunguliwa khanga. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alikaa naye kwenye benchi, akaomba ndugu wengine watoke abaki mama mzazi, akampa maji. Chumba kilipopungua watu, sauti ya Bi Z nayo ilipungua.

Sambamba na hilo ilibidi kuhakikisha kwamba ugonjwa wa mwili haujajificha nyuma ya tabia. Joto, mapigo, presha, sukari, kipimo cha haraka cha malaria, VVU, kaswende, wingi wa damu, kazi ya figo, mimba. Shingo haikuwa ngumu, kichwa hakikuwa na jeraha, hakutumia bangi wala pombe. Alijua siku, mahali na watu waliokuwa mbele yake. Ufahamu wake haukuwa unapanda na kushuka, na hilo lilipunguza sana hofu ya homa ya ubongo. Kipimo cha homoni za tezi ya shingo kilitumwa maabara ya nje na kilirudi salama. Mimba haikuwepo.

Amitriptilini ilisimamishwa saa hiyo hiyo, bila kupunguza polepole. Kwa mgonjwa aliye kwenye mania hilo ndilo linalotakiwa.

Alipewa nafasi ya kumeza dawa kwanza, akakataa, akaanza kurusha vitu. Ikaamuliwa sindano ya haloperidoli miligramu 5 pamoja na promethazini miligramu 50. Mchanganyiko huu una ushahidi wake, na ushahidi wenyewe umetoka kwenye mazingira yanayofanana na yetu: majaribio ya TREC yaliyofanyika Rio de Janeiro na Vellore, India, kwenye wodi za dharura zenye msongamano. Unatuliza, ni wa bei nafuu, na promethazini inamkinga mgonjwa dhidi ya kukakamaa kwa misuli. Bi Z alilala kwa muda wa saa sita. Fomu za kulazwa bila ridhaa zilijazwa kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Akili ya 2008.

Sindano ya siku ya pili

Promethazini iliisha stoo. Zamu ya usiku, kwa kuona mgonjwa ameamka na kelele zile zile, ilimchoma haloperidoli peke yake, miligramu 10.

Asubuhi shingo ya Bi Z ilikuwa imepinda kuelekea bega la kushoto, macho yamepanda juu yamegoma kushuka, ulimi unatoka nje, na alikuwa na fahamu zake zote. Alikuwa anajaribu kusema "nisaidieni". Mama alipoona macho yale akapiga ukunga wodi nzima ikasikia: jini limerudi, na safari hii limeletwa na sindano.

Mume alikimbilia famasi ya nje kununua promethazini. Ilichomwa, na ndani ya nusu saa shingo ilinyooka. Muuguzi mkuu alimchukua mama pembeni akamweleza kwa lugha nyepesi: dawa ile hukamata misuli kwa baadhi ya watu, hasa vijana, hasa siku za mwanzo, inatisha ila inatibika, na tulitakiwa kuwaambia kabla. Mama alinyamaza, kisha akauliza kama anaruhusiwa kumrudisha mwanawe nyumbani.

Walibaki. Kilichowabakiza ni sheikh, ambaye mume alimpigia simu, na ambaye aliwaambia wasubiri.

Maelezo ya wifi

Kwenye mahojiano ya kupokelewa, mbele ya mume, mama aliulizwa kama binti amewahi kuugua hivi. Alijibu hapana, hajawahi, ni huu msiba tu.

Siku ya tatu muuguzi alimkuta wifi yake, dada wa mume, akimfulia nguo. Wifi huyu alisoma naye chuo cha ualimu; yeye ndiye aliyemtambulisha kwa kaka yake. Muuguzi alimuuliza swali lile lile, wakiwa wawili tu kwenye kamba ya kuanikia.

"Hivi hivi, hapana," alisema. "Ila huyu ana misimu yake."

Msimu wa kwanza aliukumbuka vizuri. Bi Z akiwa na miaka 21, kwa siku kumi hivi hakulala, aliuza mitumba bweni zima kwa mkopo, alihubiri usiku, kisha akatoka kwenye chumba cha mtihani akisema matokeo ameshayajua. Chuo kilimrudisha nyumbani. Akasomewa, akatulia mwenyewe. Baada ya hapo alilala kitandani karibu miezi mitatu, hataki kuoga wala kuongea, akarudia mwaka. Wakati huo hakuwa ametumia dawa yoyote. Wifi aliongeza kwamba upande wa baba yupo shangazi ambaye zamani alikuwa anafungiwa ndani.

Mama alipoulizwa tena, peke yake, alikubali. Alificha kwa sababu mkwe alikuwa amekaa pale. Nani angemlaumu?

Utambuzi

Palikuwa na mashauri manne mezani. Skizofrenia, kwa sababu alisikia sauti ya marehemu. Msiba uliopitiliza. Mania iliyosababishwa na amitriptilini tu, ambayo ingeisha dawa ikitoka mwilini. Au baipola ya aina ya kwanza, ugonjwa wa hisia kupanda hadi mania na mara nyingi kushuka hadi sonona.

Sauti ya baba ilianza baada ya usingizi kupotea na furaha kupanda, na ilisema yale yale yanayolingana na hali yake: wewe umechaguliwa, utatajirika. Katika skizofrenia tungetegemea sauti na imani zisizo za kweli ziendelee hata hisia zikiwa zimetulia. Zake ziliisha pamoja na mania. Msiba peke yake hauzai mtu anayelala kwa saa mbili tu na kuamka ana nguvu.

Shauri la tatu ndilo lililoleta ubishi wodini, na lilistahili. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, inataka mania idumu wiki nzima, au muda wowote ikiwa mgonjwa amelazimika kulazwa, ikiwa na dalili zisizopungua 3 kati ya 7 zilizoorodheshwa. Mania iliyoanza mtu akiwa kwenye dawa ya sonona huhesabiwa kuwa baipola ikiwa itaendelea kwa ukamilifu wake baada ya nguvu ya dawa kwisha. Kama tungekuwa na msimu huu mmoja tu, ingebidi tusubiri tuone. Lakini siku kumi za chuoni, bila dawa, zilizomkatisha mtihani, zilimaliza ubishi. Kipimo cha Young cha mania, chenye vipengele 11 na jumla ya alama 60, kilitupa 36. Kilitusaidia kufuatilia nafuu. Utambuzi wenyewe ulipatikana kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Dawa gani, na kwa nini

Kama tungefuata tafiti peke yake, kinga ya muda mrefu ingekuwa lithiamu. Ndiyo dawa ya zamani kuliko zote katika ugonjwa huu, tangu John Cade alipoandika juu yake Australia mwaka 1949, na bado inaongoza. Utafiti wa BALANCE wa 2010 ulionyesha kwamba lithiamu, ikiwa peke yake au pamoja na valproeti (dawa ya kifafa inayotumika pia kutuliza hisia), huzuia ugonjwa kurudi vizuri kuliko valproeti peke yake. Na ni dawa yenye ushahidi wa kupunguza vifo vya kujiua.

Lakini lithiamu ni dawa ya kupimwa. Kiwango kinachotakiwa damuni ni kama milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, kwa damu iliyochukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kikipita 1.5 sumu imeanza. Kupungukiwa maji hukipandisha. Diklofenaki ya kununua dukani hukipandisha. Dawa kadhaa za presha hukipandisha. Hospitali haikuwa na lithiamu stoo, na kipimo cha kiwango kilimaanisha kusafiri hadi mkoa mwingine. Kumpa dawa hiyo kwa kukisia, kwenye joto la pwani, lingekuwa jambo la hatari kuliko kutompa.

Valproeti ilikuwepo, tele. Ndiyo inayoandikwa zaidi katika wodi nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Hapa ndipo kijiti kinarudi. Takribani mtoto 1 kati ya 10 waliopata valproeti tumboni huzaliwa na kasoro kubwa ya mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema isitumike kwa wanawake na wasichana wenye uwezo wa kushika mimba. Mwanamke huyu alikuwa ametoa kijiti makusudi. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, nayo ina madhara kwa mimba, halafu inapunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, kwa hiyo unampa mtu kinga huku unaitoboa.

Ilibaki kundi la dawa za saikosisi, yaani za kutibu kusikia au kuamini yasiyo ya kweli. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2011 kwenye jarida la Lancet, uliolinganisha dawa za mania kali, uliweka haloperidoli, risperidoni na olanzapini juu. Haloperidoli, kwa mama aliyeshuhudia shingo ile, haikuwa na mjadala. Timu ilichagua olanzapini, miligramu 10 usiku, baadaye 15. Uzito, kiuno, presha na sukari vilipimwa kabla ya kidonge cha kwanza, maana kila mtu alijua gharama ya dawa hii italipwa kwa kilo.

Mume aliomba mkewe awekewe kijiti siku hiyo hiyo akiwa wodini. Timu ilikataa. Mtu anayeamini kwamba atamiliki viti 20,000 si mtu wa kuamuliwa uzazi wake na wengine, wala wa kutia sahihi mwenyewe. Olanzapini ilitoa nafasi ya kusubiri. Siku chache kabla ya kuruhusiwa, akiwa ametulia, Bi Z alielezwa yote, akachagua mwenyewe kurudisha kijiti na kuahirisha mimba kwa mwaka au zaidi. Alitoka baada ya siku 18.

Miezi iliyofuata

Aibu ilikuwa nzito kuliko ugonjwa. Alirudi kwenye mtaa uliomwona amefungwa khanga, na kwenye kikoba alichokuwa amekikomba. Muuza viti, baada ya kuonyeshwa barua ya hospitali na kubembelezwa na mjomba wa mume, alikubali kuchukua viti 150. Hamsini vilibaki kuwa deni.

Kadi yake ya kliniki iliandikwa kwa wino mwekundu juu kabisa: BAIPOLA, ASIPEWE AMITRIPTILINI. Mwezi wa tano alipoanza kuzama tena, alikwenda kituo cha jirani kwa sababu nauli ya hospitali haikuwepo. Tabibu wa zamu alisikiliza, akaandika amitriptilini. Wifi aliyemsindikiza akafungua kadi na kuiweka mezani.

PHQ-9 hospitalini: 14. Hapakuwa na mawazo ya kujidhuru. Kwetu sisi hapa ndipo penye ugumu wa kweli kwenye kisa hiki, kwa kuwa tafiti zenyewe hazisemi kwa sauti moja. Utafiti wa STEP-BD uliochapishwa 2007 ulikuta kwamba kuongeza dawa ya sonona juu ya kituliza hisia (kama lithiamu au valproeti) hakukuzidi kidonge kisicho na dawa. Upande wa pili, utafiti wa 2003 wa Tohen na wenzake ulikuta olanzapini pamoja na fluoksetini, dawa ya sonona, inazidi olanzapini peke yake kwa sonona ya baipola, bila kuongeza hatari ya mania katika wiki 8 za ufuatiliaji. Kwetiapini, dawa nyingine ya saikosisi, ikiwa peke yake ina ushahidi mzuri pia, ila ilikuwa ya kununua nje kila mwezi, na nyumba hii ilikuwa na deni la viti.

Daktari mmoja kwenye timu alipinga fluoksetini kabisa: aliyeungua mara moja asisogezwe jikoni. Waliobaki waliona kwamba tofauti ipo. Safari ya kwanza dawa ya sonona ilitolewa peke yake, na ilikuwa ya kundi ambalo linajulikana kugeuza watu kuelekea mania zaidi ya kundi la fluoksetini. Walikubaliana miligramu 20 asubuhi, olanzapini ikibaki 10, wifi akitoa taarifa ya usingizi kila wiki kwa simu, na dawa isimamishwe siku yoyote atakapolala chini ya saa tano mfululizo bila kuchoka. Baada ya wiki saba PHQ-9 ilikuwa 6. Fluoksetini iliondolewa mwezi wa nne tangu ianze.

Uzito ulikuwa umepanda kilo 7. Alianza kuruka dozi, kimya kimya, na alikiri pale tu alipoulizwa "umeruka mara ngapi wiki hii?" badala ya "unameza dawa vizuri?". Metfomini, dawa ya kisukari inayosaidia pia kupunguza uzito, iliongezwa, na mazoezi ya kutembea na wifi jioni. Kilo 3 zilishuka. Nne zipo bado.

Elimu ya ugonjwa ilifanyika kwa vikao sita, yeye na wifi, mara nyingine mama. Utafiti maarufu wa Barcelona wa 2003 ulitumia vikao 21 vya kikundi na kupunguza kurudi kwa ugonjwa. Sita si 21, na hatuwezi kudai tumefanya kitu kile kile. Kikao chenye faida kuliko vyote kilikuwa cha dalili za mwanzo kwa maneno yake mwenyewe. Hakuandika "kupungua kwa haja ya usingizi". Aliandika: nikianza kupiga simu usiku, nikinunua kalamu nyekundu, nikiona watu wote wanaongea polepole. Kadi ya benki inakaa kwa wifi zinapotokea mbili kati ya hizo, na hilo walikubaliana Bi Z akiwa mzima.

Ramadhani iliyofuata ilipangwa mapema. Utafiti mdogo wa Morocco, wa mwaka 2000, uliwafuatilia wagonjwa wa baipola waliofunga wakiwa kwenye lithiamu, na karibu nusu walirudiwa na dalili ingawa kiwango cha dawa damuni hakikubadilika sana. Kilichovurugika, tunadhani, ni saa za kulala. Sheikh mwenyewe ndiye aliyemkalisha na kumweleza ruhusa ya mgonjwa. Hakufunga, alimeza dawa saa mbili usiku, na mama ndiye aliyepika daku.

Uchambuzi

Itakuwa rahisi kumlaumu tabibu wa amitriptilini. Sisi hatuoni hivyo. Alifanya ambalo wenzake watatu kabla yake hawakulifanya, na kwenye swali la kujidhuru alikuwa makini kuliko wengi wenye shahada kumzidi. Tatizo ni namna tunavyofundisha PHQ-9. Lile ni dodoso la wiki mbili. Linapima kina cha shimo. Halisemi mtu amefikaje huko. Sonona ya kawaida na sonona ya baipola zikipimwa kwa PHQ-9 zinatoa namba zile zile, na wanawake wengi wenye baipola huanza kuonekana kliniki wakiwa chini, si juu. Ukiwa juu huendi hospitali; unaagiza viti.

Swali la nyongeza halihitaji fomu. "Umewahi kuwa na siku kadhaa ambapo ulilala kidogo sana lakini hukuchoka, ukawa na nguvu na mipango mingi hadi watu wakashangaa?" Likiulizwa kwa mgonjwa wa sonona linaweza kukosa jibu, maana aliye gizani hakumbuki mwanga, au anaukumbuka kama siku zake nzuri. Kwa hiyo linaulizwa pia kwa ndugu, na ndugu mmoja mmoja. Mama mbele ya mkwe alisema hapana. Wifi kwenye kamba ya nguo alisema ndiyo. Tabibu wa kituo angekuwa na dakika tano na mtu sahihi, asingeandika amitriptilini peke yake, na pengine sanduku la kikoba lingesalimika.

Mwezi kabla ya marudio ulikuwa mrefu mno. Dawa ya sonona ikianzishwa, wiki mbili za kwanza zinahitaji angalau simu, kwa ajili ya mawazo ya kujidhuru na kwa ajili ya usingizi. Mume alipopiga kushukuru wiki ya tatu, simu ile ilikuwa nafasi. Mtu anayepona sonona hupata usingizi kwanza. Huyu alikuwa anaupoteza.

Ile sindano ya siku ya pili ilizuilika kabisa. Jaribio la pili la Rio, la 2007, lililolinganisha haloperidoli na promethazini dhidi ya haloperidoli peke yake, lilisimamishwa mapema kwa sababu kundi la haloperidoli peke yake lilikakamaa kiasi cha kutokubalika. Promethazini ikiisha stoo, kuongeza dozi ya haloperidoli ni kinyume cha mantiki. Diazepamu ya sindano ilikuwepo kabatini usiku ule.

Kuhusu sheikh, tumeona wenzetu wakisimulia visa kama hiki wakianza na "walichelewa kwa waganga". Hapa usiku tatu zilipotea kwa kisomo, miezi mitatu ikapotea kwa dawa za U.T.I. na taifodi. Sheikh aliwaleta, akawabakiza, akasimamia Ramadhani ya pili. Isingekuwa yeye Bi Z angetoka wodini asubuhi ile ile shingo iliponyooka.

Kilichoshindikana kabisa ni fedha. Hakuna aliyefikiria kumhusisha ofisa ustawi wa jamii hadi wiki ya pili, na kikoba kilishamwondoa. Deni ndilo lililokuwa likimwamsha saa tisa mwezi ule wa tano, na hakuna kidonge kilichokuwa na dozi yake.

Mwezi wa 16 Bi Z anafundisha, hajalazwa tena, na viti 12 bado havijalipiwa. Anataka kutoa kijiti. Mipango inayoendelea ni hii: abaki kwenye olanzapini kwa dozi ndogo inayomtosha, sukari ipimwe mapema katika ujauzito, ajifungulie hospitali. Kwa wenye baipola, wiki za kwanza baada ya kujifungua ni hatari kuliko miezi yote tisa, na usiku wa kichanga unafanana sana na usiku wa Ramadhani. Ndiyo maana mazungumzo ya kliniki iliyopita yalihusu nani ataamka na mtoto saa nane na saa kumi. Mama amesema yeye. Wifi amesema mama ana miguu mibaya, wagawane. Mume, ambaye alikuwa kimya muda mrefu, ameomba apewe usiku wa Ijumaa na Jumamosi.